Kilomita Mia Moja Juu ya Kesses

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, barabara hupanda mpaka masikio yanaziba. Unapita Mau Summit, unavuka ikweta, kisha unafika Timboroa na baridi yake, ambako wauza viazi na karoti hukimbilia madirisha ya magari wamejifunika majaketi mazito. Baada ya hapo ni mteremko wa taratibu kupitia Burnt Forest hadi Cheptiret, na uwanda wa Uasin Gishu unajitandaza mbele yako: mahindi, ngano, ng'ombe wa maziwa, na juu yake anga pana ajabu. Anga hiyo ndiyo iliyonitoa Nairobi.

Wageni wengi wa Eldoret huja kwa biashara, kwa matibabu katika hospitali ya rufaa, au kuwaona wakimbiaji. Mji huu, ambao wazee bado huuita Sisibo kutokana na shamba nambari 64 ulikoanzia, ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na unajengwa kwa haraka kama unavyoonekana ukiingia. Mimi sikufika katikati ya jiji siku ile ya kwanza. Nilishukia Cheptiret, nikapanda boda boda kuelekea Kesses, iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi.

Kwa mtafiti wa anga la juu, mahali hapa pana jina la herufi nne: MOIU. Ni kituo cha kupokea mawimbi ya GPS, na takwimu zake zimetajwa katika makala nyingi za kisayansi kuhusu anga la Afrika Mashariki, sambamba na za vituo vya Malindi, Nairobi na Mbarara. Kipokezi cha aina hiyo huwekwa ili kipime mahali kilipo kwa usahihi wa milimita, hata mwendo wa ardhi wa mwaka hadi mwaka uonekane. Lakini kila wimbi linalokifikia limepita kwanza katikati ya gesi iliyojaa chaji za umeme, na limebeba habari za gesi hiyo. Habari hizo ndizo nilizozifuata.

Nilikuwa nimewasiliana na binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili wa fizikia, na tukakutana katika hoteli ndogo kando ya barabara, chai ya maziwa na mandazi mezani. Nilipomwambia kwamba niliwahi kufundisha fizikia sekondari, akaanza kuniita mwalimu, na hakuacha mpaka tulipoagana. Alifungua kompyuta yake akanionyesha mchoro wa siku moja ya mwezi Machi, katika mwaka ambao jua lilikuwa na madoa mengi.

"Tazama hapa, mwalimu. Hii ni siku nzima juu ya vichwa vyetu."

Nilitazama kwa muda mrefu. Kabla ya mapambazuko mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua lilipochomoza, ulianza kuinuka. Ulipanda kwa kasi hadi saa tano, ukaendelea polepole, ukafika kileleni mnamo saa tisa alasiri, kisha ukaanza kuteremka vizuri kama nilivyotarajia. Lakini baada ya saa moja na nusu usiku mstari uliharibika. Ulikatika, ukaporomoka, ukarudi juu, ukaporomoka tena, na vurugu hiyo ikaendelea mpaka karibu saa tano usiku, ndipo ukatulia.

"Hapo ndipo mapovu yanapopita," alisema, akiweka kidole kwenye skrini.

Mchoro ule ni hesabu ya elektroni. Setilaiti ya GPS hutuma mawimbi ya masafa mawili kwa pamoja, megahezi 1575.42 na megahezi 1227.60. Elektroni zilizotawanyika angani huyachelewesha yote mawili, ila lile la masafa ya chini hucheleweshwa zaidi. Ukipima tofauti ya kuchelewa unajua ni elektroni ngapi zilizokuwa njiani. Kipimo kimoja cha wanasayansi ni elektroni 10,000,000,000,000,000 katika kila mita mraba, na kila kipimo kimoja huongeza takriban sentimita 16 katika umbali unaosomwa kwa wimbi la kwanza. Ukanda wa ikweta mchana, katika miaka ya jua kali, vipimo hivyo hupita 60. Hizo ni kama mita 10 za kosa, zinazoletwa na hewa ambayo macho hayaioni.

Elektroni hizo zina mahali zilikotoka. Kuanzia kilomita 60 kwenda juu, mionzi ya jua ya urujuanimno na eksirei huzing'oa kwenye atomu na molekuli za hewa, na kila kilichong'olewa elektroni hubaki ioni yenye chaji chanya. Kati ya kilomita 100 na 150 juu ya Kesses, ioni zinazotawala mchana ni za molekuli, na kubwa kati yake ni mbili: O2+, yaani oksijeni iliyopoteza elektroni moja, na NO+, ambayo ni naitrojeni moja na oksijeni moja zilizoshikamana. Hii ya pili hunivutia zaidi. Gesi yenyewe ya NO ni haba sana huko juu, lakini ioni yake imejaa. Sababu ni kwamba elektroni ya mwisho ya NO imeshikwa kwa nguvu ndogo kuliko zile za majirani zake, hivyo chaji inayopitishwa kutoka molekuli moja hadi nyingine huishia kwake. Aidha, ioni ya naitrojeni ikigongana na atomu ya oksijeni huvunja ndoa yake ya kwanza na kufunga nyingine, na mtoto wa mgongano huo ni NO+.

Kuzaliwa ni rahisi, na kufa ni rahisi zaidi. NO+ ikikutana na elektroni iliyo huru, huimeza, na nishati inayopatikana huipasua vipande viwili: atomu ya naitrojeni huku, ya oksijeni kule. Kwenye kimo hicho ioni moja huishi kama nusu dakika tu wakati wa mchana, na tabaka lote husimama kwa sababu jua linatengeneza nyingine bila kupumzika. Jua likizama, tabaka linafifia mbele ya vyombo vyetu.

Juu zaidi, kuanzia kilomita 200 na kuendelea, mambo ni tofauti kabisa. Huko anayetawala ni O+, ioni ya atomu moja. Haina mwenzake wa kupasukana naye, kwa hiyo ikikutana na elektroni haina njia ya haraka ya kutoa nishati isipokuwa kutoa mwanga, na hilo hutokea kwa nadra mno. Kasi yake ya kuungana na elektroni ni ndogo kuliko ya NO+ kwa takriban mara laki moja. Ndiyo maana tabaka la juu hudumu usiku kucha, na ndiyo maana redio za masafa mafupi husikika mbali usiku. Ili O+ ife upesi ni lazima kwanza ibadilishane na molekuli, igeuke NO+ au O2+, kisha ipasuke.

Hapo ndipo mapovu yanapoanzia. Jioni, molekuli hula sehemu ya chini ya tabaka kwa haraka huku sehemu ya juu ikibaki nzito, na nguvu ya umeme ya machweo karibu na ikweta hulinyanyua tabaka zima. Kinachobaki ni gesi nzito ya chaji iliyokaa juu ya gesi hafifu. Haikai hivyo kwa muda mrefu. Ile hafifu hupenya na kupanda mamia ya kilomita, na kila wimbi la setilaiti linalopita ndani ya povu hilo huyumba au hupotea. Mistari iliyokatika katika mchoro wa binti yule ni kifo cha molekuli zenye chaji, kilichoandikwa na kipokezi cha Kesses.

Nilimuuliza tarakimu hizi za kasi ya kufa zimetoka wapi. Akanijibu bila kusita: maabara. Anazichukua katika majedwali na kuziingiza katika programu yake. Nyingine zilipimwa katika pete za kuzungushia ioni, ile ya Stockholm huko Uswidi na ile ya Aarhus huko Denmark. Na ili mtu ajue ioni aliyonayo ni ipi, ina umbo gani, inatikisika vipi na imebeba nishati kiasi gani, hana budi kuimulika kwa leza.

Tukakaa hapo hadi chai ikapoa, maana hapa ndipo penye kazi ninayoipenda kuliko zote katika fizikia ya molekuli.

Kila molekuli hunyonya rangi zake maalumu za mwanga na kuziacha nyingine zipite. Ukiijua orodha ya rangi hizo umeijua molekuli: urefu wa vifungo vyake, pembe zake, ugumu wake. Kwa gesi ya kawaida kazi si ngumu, unajaza chupa, unapitisha mwanga, unaangalia kilichopungua. Ioni haikubali kujazwa kwenye chupa. Chaji zinazofanana husukumana, zisizofanana huuana, na katika gesi inayowaka kwa umeme ioni huwa chache mno kati ya halaiki ya molekuli zisizo na chaji. Mwanga unaopungua ni kidogo kiasi kwamba kwa miongo mingi watu waliziona baadhi ya ioni katika vipimo vya uzito tu, bila kujua rangi zake.

Mfano wa H3+ ni mzuri. Hii ni haidrojeni tatu zinazogawana elektroni mbili. J. J. Thomson aliiona mwaka 1911 katika mirija yake ya umeme huko Cambridge. Rangi zake hazikupatikana mpaka Takeshi Oka, mwanasayansi mzaliwa wa Japani aliyekuwa akifanya kazi Ottawa, Kanada, alipoinasa mwaka 1980 kwa leza ya infraredi iliyopitishwa katika mrija uliopozwa sana. Ilimchukua miaka. Kabla muongo ule haujaisha, rangi zilezile alizoziandika zikatambuliwa katika sayari ya Mshtarii, na mwaka 1996 zikaonekana katika mawingu ya gesi kati ya nyota.

Mwaka 1983, Richard Saykally na wanafunzi wake huko Berkeley, California, walipata njia ya kutenga sauti ya ioni na kelele za halaiki. Walipitisha umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Ioni, kwa kuwa zina chaji, huyumba mbele na nyuma kufuata umeme huo, na rangi zinazozinyonya huyumba pamoja nazo. Molekuli zisizo na chaji hazijali. Ukisikiliza tu kile kinachoyumba, umebaki na ioni peke yake. Kwa njia hiyo walisoma, miongoni mwa nyingine, H3O+, ioni ya maji yenye haidrojeni moja ya ziada.

Kuna jambo la H3O+ linaloihusu Kesses pia. Chini ya ile NO+, kati ya kilomita 60 na 85 hivi, wanasayansi walitarajia kukuta O2+ na NO+ tu. Mwaka 1965 Narcisi na Bailey wa Marekani walichapisha vipimo vya roketi iliyobeba mizani ya ioni, nao walikuta uzito wa 19 na wa 37. Hizo ni H3O+ na H3O+ iliyoshikwa na molekuli nyingine ya maji. Kwenye baridi ile kali ya juu, NO+ hujivika maji molekuli baada ya molekuli, hadi mwishowe inajitoa na kuacha kishada: protoni moja katikati, maji yakiizunguka. Vishada hivyo huungana na elektroni upesi hata kuliko NO+ yenyewe.

Kukisoma kishada kunataka subira. Kwanza unakipima uzito ili uwe na aina moja tu, tuseme yenye maji manne. Unakifungia katika mtego wa sehemu za umeme, ndani ya utupu, na kukipoza hadi karibu na sifuri kamili. Kisha unakibandika atomu moja ya agoni. Agoni haipendi kuungana na chochote, kwa hiyo inaning'inia tu kama embe bivu: tawi likitikisika kidogo, linaanguka. Unamulika kwa leza ya infraredi na kubadili rangi polepole. Rangi isiyowafiki, hakuna kitu. Rangi inayowafiki, kishada kinatikisika, agoni inadondoka, na mizani inahesabu ioni zilizopungua uzito. Husomi mwanga uliopungua tena, unahesabu maembe yaliyoanguka, na hata kama ioni ni elfu chache unapata picha safi. Kundi la Yuan T. Lee, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1986, lilisoma vishada vya kwanza vya maji kwa njia ya kuvivunja namna hii, na kuchapisha kazi hiyo mwaka 1989. Mwaka 2004 makundi mawili, moja la Japani na jingine la Marekani, yalieleza kishada mashuhuri chenye maji 21, ambacho hujifunga kama tundu.

Binti yule alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo nimeyatafakari mno. "Mimi nazijua hizi ioni kwa tarakimu zake tu, mwalimu. Sijawahi kuiona hata moja ikitoa mwanga."

Kesho yake nilipanda matatu hadi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mji wa vumbi jekundu na vifua vikubwa. Mkimbiaji mmoja kijana alikuwa ameketi kwenye ukuta akinyoosha misuli, saa ya GPS mkononi. Nilimuuliza kama saa humdanganya.

"Kwenye miti inadanganya, mzee. Barabarani iko sawa."

Alisema kweli. Kosa linaloletwa na ioni huhama polepole, hivyo hatua moja na inayofuata hukosewa kwa kiasi kilekile, na umbali wa mbio hauharibiki sana. Miti na kuta humsumbua zaidi. Setilaiti pia hutangaza hesabu ya kusahihisha inayoondoa kama nusu ya kosa. Mwenye kuumia ni mpima ardhi anayeweka mpaka wa shamba, na huku Uasin Gishu mpaka wa shamba si jambo la mchezo. Hata rubani anayekaribia uwanja wa ndege usiku hahitaji setilaiti zinazopotea kwa zamu. Kwao mapovu ya saa mbili usiku ni habari ya kazi.

Nilinunua maembe ya Bonde la Kerio nikarudi Eldoret. Njiani niliwaza juu ya pwani yetu. Kwenye jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 25 Machi 1988 ilirushwa setilaiti ya mwisho ya mradi wa Italia na Marekani uliokuwa ukipeleka setilaiti angani kutoka hapo tangu 1967. Hiyo ya mwisho ilibeba chombo cha kupima mwendo wa ioni juu ya ikweta. Kwa hiyo nchi hii haikuanza leo kuwa dirisha la anga la ikweta. Ioni zetu zimepimwa kutoka kwetu kwa zaidi ya nusu karne. Kilichobaki nyuma ni meza ya maabara, mahali ambapo mwanafunzi anaitengeneza ioni kwa mkono wake na kuimulika.

Leza si ngeni Kenya. Watafiti wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamechapisha kazi za kutumia leza kuchemsha chembe ya udongo hadi ing'ae, kisha kusoma madini yake katika mwanga huo. Barani Afrika uko mtandao wa watafiti wa leza, atomu na molekuli uliozaliwa Dakar mwaka 1991, na kipo Kituo cha Leza cha Afrika kilichoanza Afrika Kusini mwaka 2003. Milango ya kubisha ipo.

Wala si lazima kuanza na mtego wa baridi kali wa mamilioni ya shilingi. Chukua mrija wa kioo, toa hewa kwa pampu mpaka ibaki kidogo, pitisha umeme. Hewa ya Kesses yenyewe itang'aa, na katika mwanga huo mna bendi za N2+, ioni ya naitrojeni: moja kwenye nanomita 391.4, ukingoni mwa macho ya binadamu, na nyingine kwenye nanomita 427.8, buluu safi. Kipande cha wavu wa kutawanya mwanga kinatosha kuionyesha hiyo ya pili. Ukipata leza ndogo ya daiodi inayofika 391.4 unaimulika ioni, na yenyewe inakujibu kwa 427.8. Unapiga rangi moja, unasoma nyingine. Hiyo ni spektroskopia halisi ya leza ya ioni ya molekuli, na vifaa vyake vinaenea juu ya meza moja.

Nawaomba wakuu wa idara za fizikia na kemia, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, na wale wanaogawa fedha za utafiti Nairobi: jengeni meza hiyo. Anzeni na mrija na pampu mwaka huu, leza ifuate. Takwimu za MOIU mnazo, anga mnayo, na wanafunzi wanaozijua ioni kwa tarakimu wako tayari kuziona.